Paul Deman, bingwa wa baiskeli aliyeponea chupuchupu

Wadau wa Tukuyu, ninyi mnaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi milimani, mchekini huyu jamaa. Paul Deman alizaliwa 1889 huko Rekkem, Ubelgiji. Mei 25, 1913 alijitosa kwenye mbio za kwanza kabisa za kuzunguka Flanders, zilizoanzia Ghent, mji mkongwe kwelikweli. Zaidi ya kilomita 300 kwa siku moja, barabara mbovu za mawe! Wakaanza 37, Deman akawa wa kwanza.

1914 vita ikaanza, Wajerumani wakaiteka Ubelgiji. Hao hao ndio waliokuwa wanaitawala Tukuyu yetu, wakiiita Neu Langenburg. Deman akawa anapeleka barua za siri Uholanzi, nchi ambayo haikuwa vitani, kwa baiskeli hiyo hiyo. Akanaswa, akafungwa Leuven akisubiri kuuawa. Kilichomwokoa ni vita kuisha Novemba 1918.

Mwingine angestaafu. Yeye akarudi barabarani, na 1920 akashinda Paris-Roubaix. Alifariki 1961.

Mwaka 2022 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent-Wevelgem, huko huko Flanders. Je, wa Rungwe lini? Mnasemaje wadau?