Apolo Kivebulaya: Kukaa na Wenzako wa Kazi ao Kukaa na Watu?



Sisi wafinalisti tunazungumza sana juu ya maisha ya kesho. Wale watakaokuwa walimu wanapatana kupanga nyumba moja. Wale watakaokuwa wauguzi vilevile. Wanasema mtu wa kazi yako anakufahamu upesi. Ni kweli. Lakini tuangalie kwanza maisha ya mzee mmoja aliyejibu ulizo hili kwa miguu yake.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Jina lake la utoto ni Waswa, kwani alizaliwa pacha. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uleule akaenda Toro kufundisha dini. Kule Kabarole, pahali panapoitwa leo Fort Portal, walikuwako Waganda wenzake wa kazi ileile na lugha ileile.

Mwisho wa mwaka 1896 akawaacha. Akapita milima ya Ruwenzori na mto Semliki, akafika Mboga, ambayo leo iko Ituri, katika inchi yetu. Walimu waliomtangulia walirudi juu ya njaa, kwani mwami Tabaro alikataza wasipewe chakula. Apolo naye alishika jembe, akalima shamba lake. Mtu anayelima anaonana na wakulima, na hivi akajuana na watu.

Kisha shida kubwa ikamfikia. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki wa Apolo uliokuwa katika majani, akafa. Apolo akashitakiwa, akapelekwa Kabarole, akafungwa. Alipofunguliwa, nani angemlaumu kama angebaki kule na wenzake? Yeye alirudi Mboga, na nyuma ya ile Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Lakini tusidanganyike: Apolo hakuwatupa wenzake. Mwaka 1900 alifanywa shemasi, na mwaka 1903 mchungaji. Alifanya kazi Toro pia kwa miaka mingi, halafu mwaka 1915 akarudi Mboga. Mwaka 1922 akawa kanoni wa kanisa kubwa la Namirembe. Hata heshima ile haikumfanya akae mjini. Aliendelea mbele zaidi, akaingia msituni kwa Wambuti.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, wala si upande wa kwao.

Basi, wandugu, ndiyo hii ninayoiona. Nyumba ya walimu peke yao ni nzuri kwa kuanza: mkubwa anamwonyesha mdogo kazi, na mshahara ukichelewa mnagawana mihogo. Lakini jioni yote mnaongea kifaransa na habari za shule tu. Mwalimu wa hivyo, akiwa Masisi ao Walikale, atajuaje kwa nini mtoto anakosa darasa wakati wa mavuno? Na muuguzi atajuaje mgonjwa wake anakula nini nyumbani?

Tukae na wenzetu tujifunze, hata mwaka mmoja ao miwili. Halafu tutafute nyumba katikati ya watu tunaowatumikia, na tuwe na siku ya kukutana na wenzetu kwa shauri. Apolo alishika yote mawili, lakini shamba lake lilikuwa Mboga.