Marcello Malpighi: Daktari Aliyechungulia Ndani ya Jani

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, hebu toka nje uchume jani moja la mwembe. Upande wa juu unang'aa, upande wa chini umefifia, na katikati umepita mshipa mkubwa wenye vishipa vingi. Kila asubuhi majani kama hayo yanafagiwa uani yakatupwa. Je, ushawahi kujiuliza jani lina kazi gani? Yuko mtu aliyejiuliza, na swali hilo likamchukua miaka mingi ya umri wake.

Marcello Malpighi alizaliwa mwaka 1628 huko Crevalcore, karibu na mji wa Bologna, Italia. Wewe kijana unayesema masomo yamekushinda, sikiliza: akiwa bado chuoni, wazazi wake wote wawili walifariki. Ikabidi aache masomo kwa muda ashughulikie mambo ya familia. Lakini alirudi, na mwaka 1653 akahitimu udaktari.

Siku hizo hadubini ilikuwa kitu kigeni. Baadhi ya wenzake chuoni walimpinga, ati kutazama vitu vidogo hakumsaidii mgonjwa. Yeye akaendelea. Mwaka 1661 aliona katika pafu la chura vile vishipa vyembamba mno vinavyopitisha damu. Na ujue kwamba karne nne kabla yake, tabibu wetu Ibn al-Nafis alikuwa ameshaandika kuhusu safari ya damu kwenda mapafuni na kurudi moyoni.

Mwaka 1662 Malpighi alikuwa Messina, katika kisiwa cha Sicilia. Siku moja akitembea bustanini aliona tawi lililovunjika, na nyuzi zimechomoza pale lilipokatika. Mwingine angepita zake. Yeye alitazama kwa lenzi, kumbe ni mirija iliyojizungusha kama springi! Tangu hapo mimea ikamteka.

Alichunguza majani akakuta upande wa chini una vitundu vidogo sana, ambavyo leo twaviita stomata. Akajaribu kuyang'oa majani ya kwanza ya miche michanga, na miche ikadumaa. Tena alitoa ganda la shina kwa kulizungushia kama pete. Sehemu ya juu ya pete ikavimba. Maana yake, kuna kitu kinachoshuka kutoka juu na kimezuiliwa njia. Basi akafahamu kwamba jani ni jiko la mmea: maji hupanda kutoka mizizini, chakula hutengenezwa kwenye jani, kisha hushuka kupitia ganda. Royal Society ya London ilichapisha kazi yake katika juzuu mbili, mwaka 1675 na 1679.

Si kila kitu alikipata sawa. Ile mirija ya springi alidhani ni ya kuvuta hewa, kumbe ni ya kupandisha maji. Lakini jiko alilipata. Leo twajua juu ya jani pana ngozi nyembamba yenye nta, inayozuia maji yasipotee ovyo. Chini yake zimo seli ndefu zilizosimama bega kwa bega kama waumini katika safu, zimejaa ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Kisha zipo seli zilizoachana ili hewa ipite. Kila kitundu kina seli mbili zinazokilinda kama milango: zikifunguka, hewa ya kaboni huingia, na oksijeni na mvuke hutoka. Jua likizidi na udongo ukikauka, hujifunga ili mmea usinyauke.

Sasa angalia mtihani uliomfika. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua. Hadubini zake na maandishi yake yakateketea, naye ana zaidi ya miaka hamsini. Wengi wetu tungekata tamaa, lakini yeye alianza tena kazi. Mwaka 1691 aliitwa Roma kuwa tabibu wa Papa, na huko alifariki mwaka 1694.

Msomaji wangu, liangalie tena jani lako. Sehemu kubwa ya oksijeni unayovuta sasa hivi, na tende utakayofuturia jioni, zimetokana na kazi ya majani. Malpighi hakugundua mambo haya kwa mali wala cheo. Alisimama mahali ambapo wengine walipita, akatazama. Wewe je, leo umepita kitu gani bila kukitazama?