Maisha ya Michael Faraday: Sumaku na Vitu Visivyo Chuma

Wengi wetu hufundisha kwamba sumaku haina kazi ila kwa chuma. Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1791 na kujielimisha kwa vitabu alivyokuwa akivijalidi, aliivunja dhana hiyo mwaka 1845. Alitundika kipande cha kioo kizito baina ya ncha za sumaku-umeme, kikageuka, kikakingama. Mti, nyama, hata mkate, navyo vilisukumwa, kwa nguvu hafifu mno. Alifariki mwaka 1867. Mwaka 1997, huko Nijmegen, Uholanzi, nguvu hiyo hiyo ilimwinua chura hai, akaelea hewani.

Nasi hapa Mbugani tulitundika kwa uzi kijiti chenye nyanya ndogo ncha zote mbili. Sumaku ya spika kuukuu haikufua dafu. Ile ya kompyuta mbovu, madirisha yakiwa yamefungwa, iliisukuma nyanya polepole.