Bartram: Mwana wa mkulima aliyenusuru mti usitoweke duniani

Hakuna mti wa Franklinia unaojulikana kumea mwituni hivi leo. Ile yote iliyosalia, iwe katika bustani za Marekani au Ulaya, ni vizazi vya mbegu zilizochumwa kando ya mto Altamaha, jimboni Georgia, na mtu aliyeshindwa karibu katika kila biashara aliyoijaribu. Mtu huyo ni William Bartram.

Alizaliwa mwaka wa 1739 katika shamba la Kingsessing, ukingoni mwa mto Schuylkill, mahali ambapo sasa ni sehemu ya jiji la Philadelphia. Baba yake, John Bartram, alikuwa mkulima wa dhehebu la Kweka, ambalo siku hizi lina waumini tele magharibi mwa Kenya. Mzee huyo hakuwa na masomo ya chuo. Alijifunza elimu ya mimea mwenyewe, akawa anazunguka misituni na vinamasini akikusanya mbegu za miti ya kiasili na kuzituma London kwa masanduku, kwa mfanyabiashara wa nguo aliyeitwa Peter Collinson. Mnamo 1765, Mfalme George wa Tatu alimteua kuwa mtaalamu wake wa mimea katika makoloni hayo kwa malipo ya pauni 50 kwa mwaka.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Tangu utotoni William alipenda kuchora ndege na mimea kuliko kazi nyingine yoyote. Baba alijivunia michoro hiyo, lakini alihofia kwamba haingemlisha mwanawe, hivyo akamsukuma katika biashara. Duka alilofungua North Carolina lilimwendea mrama.

Ndipo baba na mwana walipofunga safari ya pamoja kuelekea kusini. Mwanzoni mwa Oktoba 1765, wakiwa wamepotea njia karibu na ngome ya Barrington huko Georgia, waliona miti midogo wasiyoifahamu. Majira ya maua yalikuwa yamepita, na mti usio na ua ni vigumu kuutambua kwa yakini, hata kwa mzoefu. Waliuweka akilini, wakaendelea na safari.

William alibaki Florida ajaribu kilimo. Baba yake alimnunulia watumwa sita wa kumfanyia kazi, jambo ambalo haliwezi kufichwa katika maisha ya mtu anayesifiwa kwa upole wake. Shamba hilo nalo halikudumu hata mwaka. Alirejea nyumbani akiwa mgonjwa na bila chochote mkononi.

Aliyemwinua ni daktari wa London, John Fothergill, naye Mkweka, aliyekubali kumlipa pauni 50 kwa mwaka amtumie mimea na michoro. Kuanzia 1773 hadi mwanzoni mwa 1777, Bartram alizunguka kwa farasi, kwa miguu na kwa mtumbwi katika majimbo ya Carolina, Georgia na Florida, akafika hadi mto Mississippi. Chifu wa Waseminole aliyejulikana kwa jina la Cowkeeper alimpokea vyema na kumpa jina la Puc Puggy, yaani mwindaji wa maua. Katika mto St Johns alikabiliana na mamba wengi mno, kiasi kwamba baadhi ya wasomaji wa kitabu chake walidhani ametia chumvi.

Hata hivyo, jambo lake la maana zaidi lilifanyika bila kishindo. Alirudi Altamaha, na safari hii akaukuta ule mti wa ajabu umechanua huku ukiwa na matunda yaliyokomaa. Hilo lawezekana kwa sababu tunda la Franklinia huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukomaa, hivyo maua mapya huyakuta matunda ya zamani mtini. Ua lenyewe ni jeupe, lenye nyuzi za manjano katikati. Mkulima wa Kericho au Limuru angelitambua mara moja, kwani mti huu ni wa ukoo mmoja na mchai.

Wataalamu wa London waliusukumia katika kundi la Gordonia, mti mwingine wa vinamasi vya kusini. Bartram hakukubali, na ushahidi ulikuwa upande wake. Gordonia haipukutishi majani yake yote, ilhali Franklinia huyapukutisha baada ya kuwa mekundu. Ua la Gordonia hukaa juu ya kikonyo kirefu, la Franklinia karibu halina kikonyo. Mbegu za Gordonia zina bawa, za Franklinia hazina. Mnamo 1785 binamu yao, Humphry Marshall, alichapisha jina linalotumika hadi sasa, Franklinia alatamaha, kwa heshima ya Benjamin Franklin, rafiki wa familia hiyo, na ya mto huo.

Kwa mujibu wa Bartram, miti hiyo ilijaa katika ekari mbili au tatu tu, wala hakuiona mahali pengine popote. Mnamo 1803, mkusanyaji wa mimea John Lyon aliikuta michache tu. Tangu hapo hakuna aliyethibitisha kuiona porini. Wapo wanaolaumu moto na mafuriko, wapo wanaolaumu wachuuzi wa miche, na wengine maradhi ya mizizi yaliyoletwa na kilimo cha pamba. Mjadala huo haujaisha.

Kufikia wakati huo mbegu za Bartram zilikuwa zimekwisha kuota Kingsessing. Aliishi huko maisha yake yote yaliyosalia, bila kuoa, akimsaidia nduguye kuendesha bustani. Alikataa kazi ya uprofesa mwaka wa 1782 kwa sababu ya afya, akachapisha kitabu cha safari zake mwaka wa 1791, na akafariki Julai 22, 1823, akiwa na umri wa miaka 84.

Bustani hiyo ilichukuliwa na jiji la Philadelphia mwaka wa 1891 na ingali wazi kwa umma. Franklinia huchanua humo kuanzia mwishoni mwa kiangazi, wakati miti mingi ya nchi hiyo imekwisha kumaliza maua yake.