Maisha ya Jacques Henri Lartigue, mpiga picha wa furaha

Mwaka huu darasa letu lilipewa kazi ya kukusanya picha ishirini juu ya mada moja, na kuandika kwa Kiswahili maelezo mafupi chini ya kila picha. Mimi nilichagua watu wanaofurahia kuwa nje: wanaotembea, wanaooga, wanaokula chini ya mwembe siku ya Jumapili. Nilipoitangaza mada yangu, mwenzangu mmoja alinikosoa mbele ya wote. Kwa maoni yake, katika nchi yenye vita na wakimbizi, kupiga picha za watu wanaocheka ni kufumba macho makusudi. Siku ile sikuwa na jibu. Nililitafuta katika maisha ya Mfaransa mmoja aliyeifanya kazi hiyo tangu utoto hadi uzee. Ninayasimulia hapa maisha yake kwa sababu yalinisaidia, na pia kwa sababu yalinisumbua.

Jacques Henri Lartigue alizaliwa tarehe 13 Juni 1894 katika mji wa Courbevoie, karibu na Paris. Familia yake ilikuwa tajiri sana. Baba yake alikuwa mtu wa biashara, na yeye mwenyewe alipenda kupiga picha kwa kujifurahisha. Jacques alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu. Mara nyingi alikaa kando, akitazama michezo ya kaka yake na binamu zake.

Kabla ya kupewa kamera, alibuni mchezo wake wa siri. Alifumba na kufumbua macho kwa haraka, akiamini kwamba kwa njia hiyo amekinasa kila alichokiona, pamoja na rangi, sauti na harufu yake. Aliuita mtego wa macho. Siku alipogundua kwamba mtego haushiki tena kitu, alihuzunika sana. Mwaka 1902 baba yake alimpa kamera yake ya kwanza, sanduku la mbao lililosimama juu ya miguu mitatu na kutumia vioo vya sentimita 13 kwa 18. Mtoto akapata mtego mwingine.

Sisi wanafunzi wa lugha hatuwezi kupita hapo bila kusimama kidogo. Mfaransa husema anachukua picha. Mswahili hupiga picha, kama anavyopiga ngoma au hodi. Lartigue alitaka kunasa, kwa maana aliogopa kitakachotoroka. Nadhani kitenzi hicho kimoja kinaeleza maisha yake yote. Hakupiga picha za furaha kwa kuwa alidhani dunia ni nzuri tu. Alizipiga kwa kuwa alijua tangu utoto kwamba furaha haikai.

Kaka yake Maurice, aliyeitwa Zissou nyumbani, alikuwa fundi wa michezo ya hatari. Katika shamba la familia huko Rouzat, mkoa wa Auvergne, alitengeneza vigari vya kuteremka mlimani na ndege zisizo na injini. Moja ya ndege hizo, ZYX 24, iliinuka kidogo kutoka ardhini mwaka 1910, na Jacques alikuwepo na kamera yake. Mwaka 1905 alikuwa amempiga picha binamu yake Bichonnade akiruka kwenye ngazi za nje za nyumba yao ya Paris: miguu iko hewani, sketi imejaa upepo, uso unacheka. Mpiga picha huyo alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja. Mwaka 1911 alimpiga Zissou akielea majini huko Rouzat ndani ya mashua ya mpira uliojazwa hewa, mfano wa gurudumu kubwa, huku amevaa kofia kama bwana anayekwenda mjini.

Picha yake mashuhuri kuliko zote ni ya mbio za magari kabla ya vita vya 1914. Aligeuza kamera ili alifuate gari lililokuwa likipita kwa kasi. Pazia la kamera halikukifunua kioo chote kwa mara moja. Lilikipitia sehemu kwa sehemu. Ndiyo maana gurudumu lilitokea kama yai lililoinama mbele, nao watazamaji wakaonekana kama wanaangukia nyuma. Gari lenyewe limekatwa nusu. Yeye aliiona picha hiyo kuwa imeharibika, akaiweka kando kwa miaka mingi. Leo inasifiwa kwa kasoro hizohizo, maana hakuna picha ya miaka ile inayoonyesha mwendo vizuri kuliko hiyo.

Hapo ndipo maisha haya yalipoanza kunisumbua. Magari na baiskeli za wakati ule yalihitaji mpira, na sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya nchi yetu, wakati wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II. Mwezi Mei 1904, mwaka mmoja tu kabla ya Bichonnade kuruka ngazi, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha nyingine huko Baringa, kaskazini mwa nchi. Ndani yake yumo baba mmoja, Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Hivyo ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kupita kijijini kwake. Picha za Harris zilionyeshwa mbele ya watu wengi Ulaya, na zilisaidia kuamsha sauti dhidi ya utawala wa Leopold, uliokoma mwaka 1908.

Kwa siku kadhaa niliziweka picha hizo mezani kwangu, ya Zissou katika mashua yake ya mpira na ya Nsala barazani. Nilikaribia kuiacha mada yangu. Nilijiambia kwamba mwenzangu alisema kweli, na kwamba furaha ya mmoja ilikuwa imelipiwa na mwingine. Lakini kila nilipozitazama niliona pia jambo jingine. Watoto wa Paris wa miaka ile wamehifadhiwa wakiruka, wakiogelea, wakianguka na kucheka. Watoto wetu wa miaka ileile, wale waliopigwa picha, mara nyingi wamehifadhiwa kama ushahidi wa kesi. Lakini hata huko Baringa kulikuwa na watoto walioruka mtoni. Hakuna aliyewatega kwa macho.

Lartigue naye hakuishi bila maumivu. Mwaka 1915 alianza kujifunza uchoraji wa rangi katika Académie Julian, na tangu hapo alijiita mchoraji. Mwaka 1919 alimwoa Madeleine Messager, binti wa mtunzi wa muziki André Messager, na ndoa hiyo haikudumu. Utajiri wa familia ulipungua, ikambidi kutafuta riziki kwa kuuza michoro yake. Vita viwili vikubwa vilipita juu ya nchi yake. Hata hivyo, ukifungua albamu zake, vita karibu havionekani. Utaona pwani, tenisi, theluji, wanawake aliowapenda, chakula mezani chini ya miti. Kwa miaka yote hiyo alibandika picha katika albamu kubwa zaidi ya mia moja, akaandika shajara, na ndani yake hakusahau kutaja hali ya hewa. Wapo wanaomlaumu kwa kunyamaza huko. Mimi nasema albamu zake ni za kweli, ila si kamili. Anayezisoma ana wajibu wa kukumbuka kilichoachwa nje.

Ulimwengu ulimjua akiwa mzee. Mwaka 1963, alipokuwa na miaka 69, jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, likiongozwa katika sehemu ya picha na John Szarkowski, lilionyesha picha zake za utotoni. Mwaka huohuo gazeti la Life lilizichapisha katika toleo lililobeba habari za kuuawa kwa rais Kennedy, hivyo mamilioni ya wasomaji walikutana na Bichonnade na Zissou katika juma la msiba. Mwaka 1974 rais mpya wa Ufaransa, Valéry Giscard d'Estaing, alimwomba ampige picha yake rasmi. Mwaka 1979 Lartigue aliikabidhi serikali ya Ufaransa kazi yake yote ya picha. Alifariki Nice tarehe 12 Septemba 1986, akiwa na miaka 92.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ziwa Kipopo, nje kidogo ya Lubumbashi. Kulikuwa na mtoto wa miaka kama tisa aliyeelea karibu na ukingo juu ya mpira wa ndani wa gurudumu la kamioni, miguu juu, akiwarushia wenzake maji. Kabla sijaomba ruhusa, mama yake aliniuliza kama nitaipeleka picha hiyo kwa watu wanaokusanya picha za maskini. Nilimweleza kazi yetu ya darasa. Alifikiri kidogo, kisha akamwita mtoto arudie mchezo wake kutoka mwanzo, akaniomba nisisahau kumletea nakala. Nilimpelekea juma lililofuata.

Picha si nzuri sana. Mkono mmoja wa mtoto umekatwa na ukingo wa picha, na maji yamepata ukungu. Kabla ya kumsoma Lartigue ningeifuta. Sasa ndiyo ya kwanza katika mkusanyo wangu. Chini yake nimeandika jina la ziwa, siku, na kwamba kulikuwa na jua. Nimeongeza kwamba mpira ule ulitolewa kwenye kamioni iliyokuwa ikibeba mawe ya shaba, na kwamba nilitumia simu, ambayo betri yake haifanyi kazi bila kobalti, madini yanayochimbwa katika udongo wa kwetu. Kisha nimeandika kwamba mtoto alikuwa anacheka. Mwenzangu aliyenikosoa amesoma maelezo hayo. Bado hatukubaliani kuhusu mada, lakini ameniomba nimfundishe njia ya kwenda Kipopo.