Döbereiner, mtoto wa dereva wa farasi aliyewasha moto bila kibiriti

Haya ni maisha ya Johann Wolfgang Döbereiner, fundi wa kemia wa Ujerumani.

Alizaliwa mwaka wa 1780, upande wa Hof. Baba yake alikuwa anaendesha gari la farasi, na feza ya masomo haikutosha. Akiwa na miaka 14 akaingia kwa muuza dawa kujifunza kazi. Mengine alijisomea yeye mwenyewe. Hakuwa na diplome, lakini mwaka wa 1810 akaitwa kufundisha kemia kwenye universite ya Jena.

Mwaka wa 1823 alipuliza gesi ya idrojeni juu ya platini yenye vitundu vidogo vidogo kama sifongo. Moto ukawaka palepale! Platini yenyewe haiungui wala haipunguki: inasaidia tu idrojeni iungane na oksijeni ya hewani, na vile vitundu vinazipa gesi nafasi kubwa ya kukutana. Akatengeneza taa: ukifungua robine, moto unawaka, ukifunga, unazimika. Taa hizo ziliuzwa sana, lakini yeye alikataa kuchukua hati ya kuzimiliki peke yake.

Alikufa Jena mwaka wa 1849. Mpaka leo platini inasafisha moshi ndani ya magari mengi.

Mzazi, kama mtoto wako amefukuzwa sababu ya minervali, usiseme akili yake imeishia hapo. Umtafutie fundi wa kumfundisha.