Charlie Christian: Kijana aliyelitoa gitaa nyuma ya bendi

Na Mwandishi Wetu

WAPIGA gitaa wanaotaka kubadili sauti ya vyombo vyao huumiza vichwa kuchagua kifaa kidogo kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa mtikisiko wake. Kifaa hicho mafundi hukiita pikapu, na hapa hakizungumzwi kile kigari cha kubebea mizigo.

Wenye magitaa ya umeme ya nyuzi saba ndio hupata tabu zaidi, kwa kuwa pikapu nyingi zilizopo madukani zilipimwa kwa nyuzi sita, na uzi wa saba, ule mnene wa besi, huhitaji kifaa kirefu zaidi na chenye sauti safi isiyokoroga. Katika pitapita hiyo ya kutafuta, mapema au baadaye mtu hukutana na jina la Charlie Christian.

Jina hilo ni la aina ya pikapu, lakini kabla ya hapo lilikuwa la kijana Mmarekani mweusi aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 25. Hakuibuni pikapu hiyo wala hakuiuza, na jina lake lilibandikwa juu ya chuma hicho baadaye. Muda wake wa kurekodi santuri akiwa na bendi maarufu haukufika hata miaka miwili.

Charles Henry Christian alizaliwa Julai 29, 1916 katika mji mdogo wa Bonham, jimbo la Texas, na akiwa bado mtoto mdogo familia yake ilihamia Oklahoma City. Baba yake, ambaye naye alikuwa mwanamuziki, alipofuka. Ili mkono uende kinywani, mzee huyo aliwachukua wanawe na kupita nao katika mitaa ya matajiri wakipiga muziki na kutunzwa fedha au chakula. Charlie, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alianza kwa kucheza ngoma mbele ya kaka zake, kisha akajifunza gitaa. Baba alipofariki, kijana huyo akiwa na umri wa miaka 12, alirithi vyombo vyake.

Mwandishi wa riwaya Ralph Ellison, aliyesoma naye shule moja ya watu weusi mjini humo iliyoitwa Douglass, aliandika baadaye kwamba Charlie alikuwa akitengeneza magitaa kwa maboksi ya sigara katika darasa la ufundi, na kuwastaajabisha wenzake kwa nyimbo alizozitoa katika vyombo hivyo vya kubahatisha.

Mapenzi yake makubwa, hata hivyo, yalikuwa katika saksafoni. Alimhusudu mno Lester Young, mpuliza saksafoni ambaye sauti yake ilikuwa laini na yenye sentensi ndefu zinazotiririka bila haraka. Hapo ndipo penye kiini cha habari yote hii: Christian alishika gitaa, lakini akilini mwake alikuwa akipuliza.

Msikilizaji wa muziki wa dansi, aliyezoea kulisikia gitaa la solo likiongoza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, ataona vigumu kuamini kwamba kuna wakati gitaa halikusikika kabisa. Katika bendi kubwa za jazi za miaka ya 1930, zenye tarumbeta, tromboni na saksafoni zaidi ya kumi, mpiga gitaa alikaa nyuma karibu na ngoma, akisukuma mapigo manne katika kila kipande cha wimbo. Alihisiwa kuliko kusikiwa. Akijaribu kupiga solo kwa gitaa kavu, tarumbeta moja tu ilitosha kumzima.

Mwaka 1936, kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, iliingiza sokoni gitaa la umeme lililopewa jina la ES-150. Namba hiyo ililingana na bei yake, takriban dola 150 pamoja na amplifaya na waya. Kwa kijana wa Oklahoma City wakati ule wa ukata, hizo hazikuwa fedha za mchezo.

Pikapu ya gitaa hilo ilitokana na kazi ya fundi wa Gibson aliyeitwa Walter Fuller. Ndani ya tumbo la gitaa, chini ya ubao wa juu, vililazwa vipande viwili virefu vya sumaku vya chuma kilichochanganywa na kobalti. Uzito wake ulishikiliwa na skrubu tatu zilizoonekana kwa juu. Sumaku hizo ziliupa nguvu ubapa mmoja wa chuma uliopita katikati ya koili ya waya mwembamba na kuchomoza chini ya nyuzi zote sita, karibu na shingo ya gitaa.

Uzi wa chuma ukitikisika juu ya ubapa huo, uga wa sumaku hutikisika nao, na katika koili huzaliwa umeme hafifu ambao amplifaya huukuza. Uzi usio wa chuma hauambulii kitu hapo. Kwa kuwa pikapu ilikuwa karibu na shingo, mahali uzi unapopinda kwa upana, sauti ilitoka nene na ya mviringo, lakini ubapa wenyewe ulikuwa mwembamba, hivyo kila nota ilianza kwa mkato unaosikika wazi. Ni sauti inayokaribiana sana na ya saksafoni, na haishangazi kwamba Christian aliipenda.

Ilikuwa na ila zake. Koili moja hunasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, na mvumo huo uliwakera wanamuziki hadi Seth Lover, fundi mwingine wa Gibson, alipounganisha koili mbili zinazoufuta, mwaka 1955. Uzito wa zile sumaku nao ulikuwa mzigo kwa ubao wa gitaa.

Christian hakuwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Eddie Durham, aliyepiga tromboni na gitaa katika bendi ya Count Basie, alikuwa amekwisha kulitumia, na alisimulia baadaye kwamba alikutana na kijana huyo mwaka 1937 na kumwonyesha njia. Tofauti ni kwamba Christian alipolipata, hakulitumia kuongeza kelele za mapigo yale yale. Alilihamisha gitaa kutoka mstari wa nyuma na kulikalisha pamoja na vyombo vya kupuliza.

Sifa zake zilimfikia John Hammond, mtafuta vipaji kutoka New York, kupitia kwa mpiga piano Mary Lou Williams. Mwaka 1939 Hammond alisafiri hadi Oklahoma City kumsikiliza, akaondoka akiwa ameshawishika kwamba kijana huyo anafaa kuingia katika bendi ya Benny Goodman, mpuliza klarineti Mzungu aliyekuwa na jina kubwa nchini Marekani wakati huo na ambaye tayari alikuwa na wanamuziki weusi jukwaani, jambo lililokuwa nadra.

Goodman hakuvutiwa. Kwa maelezo ya Hammond, Christian alitokea mbele ya bosi huyo Agosti 16, 1939 akiwa amevaa suti ya kijani, shati la zambarau na viatu vya njano. Goodman alimsikiliza kidogo tu, tena bila hata kumpa nafasi ya kuunganisha amplifaya yake, akaenda zake kula.

Jioni hiyo, katika mgahawa wa Victor Hugo huko Beverly Hills, Hammond na mpiga besi Artie Bernstein walimpitishia Christian jikoni na kumweka jukwaani wakati Goodman hayupo. Goodman aliporudi na kumkuta, alikunja uso, lakini asingeweza kumfukuza mbele ya wateja. Aliita wimbo wa Rose Room, akiamini mgeni huyo hatakuwa anaujua.

Aliujua. Solo yake ilipokwisha akapewa nyingine, na nyingine tena, na inasimuliwa kwamba wimbo huo mmoja ulidumu zaidi ya dakika 40. Kabla ya usiku kuisha, kijana huyo alikuwa ameajiriwa. Inaelezwa kwamba kipato chake kilitoka dola mbili na nusu kwa usiku hadi dola 150 kwa wiki, yaani bei ya lile gitaa na amplifaya yake.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Katika kikundi cha watu sita cha Goodman alirekodi Flying Home na Seven Come Eleven mwaka 1939, na Machi 1941 akarekodi Solo Flight, ambamo bendi nzima inamsindikiza mpiga gitaa. Miaka michache nyuma, mpangilio wa namna hiyo usingefikirika. Desemba 1939 jarida la Down Beat lilichapisha makala kwa jina lake ikiwahimiza wapiga gitaa waamke na kushika vyombo vya umeme.

Baada ya kazi rasmi alikuwa akipanda Harlem hadi ukumbi wa Minton's Playhouse, ambako vijana akina Thelonious Monk na Kenny Clarke walikuwa wakivunjavunja kanuni za jazi ya zamani na kutengeneza mtindo ambao baadaye uliitwa bibopu. Inasimuliwa kwamba amplifaya iliwekwa hapo kwa ajili yake, asihangaike kubeba ya kwake. Mei 1941, Jerry Newman, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliingia na mashine yake ya kurekodi. Katika kumbukumbu hizo Christian anasikika akipiga bila mipaka ya dakika tatu za santuri, na huenda hizo ndizo rekodi bora kuliko zote alizoacha, ingawa hazikurekodiwa ili ziuzwe.

Wakati huo tayari alikuwa mgonjwa. Kifua kikuu kilikuwa kimemwingia miaka michache nyuma, na maisha ya kusafiri, kukesha na kunywa hayakukipa kifua nafasi ya kupona. Mwaka 1941 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Seaview, kwenye kisiwa cha Staten Island, New York. Tiba haikuwepo, isipokuwa kupumzika, chakula na hewa safi.

Alifariki dunia hapo Machi 2, 1942. Dawa ya streptomaisini, ya kwanza kuwa na nguvu dhidi ya ugonjwa huo, iligunduliwa mwaka uliofuata. Miaka kumi baada ya kifo chake, majaribio ya vidonge vilivyobadili kabisa tiba ya kifua kikuu yalifanyika katika hospitali hiyo hiyo ya Seaview.

Pikapu yake nayo ilipitwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Gibson ilikwisha kuanza kuweka aina nyingine. Lakini baadhi ya wapiga gitaa walikataa kuiacha. Barney Kessel, aliyekutana na Christian akiwa kijana huko Oklahoma, aliitumia kwa miaka mingi katika gitaa lake. Danny Gatton aliipachika kwenye shingo ya Telecaster, gitaa la mbao ngumu lisilo na tumbo la kuficha sumaku kubwa kiasi hicho, hivyo ubao ulilazimika kuchongwa. Hadi leo mafundi huzitengeneza kwa sumaku ndogo zaidi ili zienee katika magitaa ya kisasa.

Kwa mwenye nyuzi saba, lililo na manufaa ni ule ubapa. Pikapu yenye vichwa sita vya sumaku hudai kila uzi ukae juu ya kichwa chake, na uzi wa saba huachwa yatima. Ubapa hauhesabu nyuzi. Ilimradi una urefu wa kutosha, nyuzi zote zilizo juu yake husikika. Pikapu kadhaa za nyuzi saba hutumia ubapa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa mwenye kuchagua ya koili moja ajiandae kuishi na ule mvumo.

Christian aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1990. Mwili wake ulikuwa umerudishwa Bonham na kuzikwa katika makaburi ya Gates Hill, bila alama yoyote. Jiwe lenye jina lake liliwekwa makaburini humo mwaka 1994, miaka 52 baada ya mazishi.